Sanamu ya Binti wa Mwalimu

Sanamu ilikuwa na joto. Hilo ndilo lililomshangaza Jicho kabla hata hajawasha taa ya mezani. Plastiki haina damu. Asubuhi ya mvua ukiishika huwa baridi kama kijiko. Lakini hii, ilipotua kiganjani mwake, ilikuwa na uvuguvugu wa kitu kilichotolewa kwapani sasa hivi. Na mzee aliyeileta wala hakuwa ameibeba kwapani. Aliileta kwenye mfuko wa karatasi, kaushika kwa ncha za vidole, mkono kaunyoosha mbali na mwili, kama mtu anayekwenda kutupa panya.

Jicho halikuwa jina lake. Watu walimwita hivyo kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa mthamini wa sanamu za katuni za Kijapani, wale mashujaa wadogo wenye macho makubwa na nywele za rangi ambazo Mungu hakumpa mtu, ambao kwa wengine ni midoli tu na kwa wengine ni kitu cha kumfanya mtu auze pikipiki yake. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndiyo ilikuwa ofisi: meza, taa, lenzi, brashi laini za kufutia vumbi, na rafu yenye milango ya kioo. Ukimletea sanamu aliigeuza, akafuata kwa kucha ule mshono mwembamba unaobaki pale vipande viwili vya kalibu, umbo la kumiminia plastiki, vilipokutana, akainusa, akaitazama rangi ya mboni, akamalizia na muhuri ulio chini ya unyayo. Kisha alitamka neno moja. Ama "halisi" ama "feki". Likishatoka, hakuna aliyebisha.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, maana mzee yule alikuwa amefundisha nusu ya watu wa mtaa ule, na hata baada ya kustaafu hakuna aliyemwita vingine.

"Marahaba, mwanangu. Siuzi. Nataka kujua tu." Mwalimu hakukaa. "Ni ya binti yangu. Ilikuwa ya binti yangu. Aliinunua kwa akiba yake yote, na wakati huo ameshaanza kuumwa. Mimi nikamgombeza. Nikamwambia ametapeliwa, ana akili za kuku. Kila aliyekuja kumjulia hali akaonyeshwa, na kila aliyeonyeshwa akacheka. Yeye akawa anasema, 'Baba, ni ya kweli, nimeikagua mwenyewe.' Mpaka anakata roho anasema hivyo. Sasa wewe ndiye mjuzi. Niambie, nilimkosea au sikumkosea?"

Jicho aliisogeza kwenye mwanga. Ilikuwa sanamu ya msichana shujaa, nywele za buluu, upanga mgongoni, joho likiwa limepepea upande mmoja kana kwamba upepo umegandishwa. Sanamu hii alikuwa ameiona pichani tu. Ilisemekana kiwanda kilitoa chache, kisha kalibu yake ikapasuka, na kiwanda hakikuhangaika kutengeneza nyingine. Aligeuza unyayo. Muhuri ulikuwepo. Mboni zilikuwa na ile nukta ya zambarau ambayo wanaoghushi hawajaipatia hata siku moja. Na tena ilikuwa imetunzwa na mtu anayejua: vumbi limetolewa kwa pamba, hakuna alichosugua, hakuna alichopaka. Binti wa Mwalimu alikuwa na jicho. Huenda lilikuwa kali kuliko la kwake.

Angesema "halisi", mzee angeichukua, akaenda kuiweka kando ya picha ya marehemu, na isingetoka hapo tena mpaka kiama. Alijua hivyo. Baadaye alijaribu kujifariji kwamba shetani alimsukuma, lakini hakuna aliyemsukuma. Neno lilitoka lenyewe, laini, kwa ile sauti yake ya kazini.

"Feki, Mwalimu."

Mwalimu alishusha mabega kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi sikumkosea," alisema, na kwa kitambo kidogo uso wake ulipata nafuu. Halafu akaionea aibu ile nafuu yake mwenyewe. "Masikini mwanangu. Kumbe kweli hakuwa na akili." Aliutazama mfuko wa karatasi, hakuuchukua. "Baki nayo. Sitaki kuiona. Mpe mtoto wako achezee."

Jicho hakumpa mtoto. Aliiweka rafu ya juu, nyuma ya kioo, akafunga kwa ufunguo. Alipogeuka kurudi mezani alisikia nyuma yake, karibu na sikio, sauti yake mwenyewe ikisema, "Feki." Akadhani amejisemea.

Ndani ya nyumba ile mlikuwa na watu wanne. Jicho, mkewe ambaye alikuwa mkunga, mama mkwe wake aliyekuja kukaa nao baada ya kufiwa, na binti yao mdogo waliyemwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Chiriku ndiye aliyepatwa na neno lile wa kwanza. Alikuwa ukumbini anaimba wimbo aliofundishwa shule, mara akakatika katikati ya neno, akaja kusimama mlango wa bafu ambamo baba yake alikuwa akipiga mswaki.

"Baba, mbona umeniambia hivyo?"

Jicho alitema povu. "Nimekwambiaje?"

"Umesema mimi feki."

"Mimi nimo humu, nitasemaje na mswaki mdomoni?"

Mtoto alimtazama kama anayemsubiri acheke ili ajue ni utani. Hakucheka. Tangu siku hiyo Chiriku alianza kuongea kwa kunong'ona, na kila akitaka kusema jambo aliangalia kwanza kama baba yupo.

Mkewe naye akarudi kutoka zamu, miguu imevimba, akavua viatu akasema, "Alhamdulillahi, leo nilidhani nampoteza yule mama, lakini yeye mzima na mtoto mzima." Kutoka chumba cha mbele sauti ya mumewe ikajibu, "Feki." Akaenda kumtazama. Jicho alikuwa mezani, mashavu yamejaa mkate.

"Umesema nini, Baba Chiriku?"

Alimeza haraka. "Sijasema kitu."

"Haya," alisema mkewe, na ile "haya" ilikuwa nzito kuliko tusi.

Lakini la mama mkwe ndilo lililomvunja. Bibi yule alisali alasiri kwenye chumba chake, mlango umeegeshwa, na siku hiyo alipomaliza alikuja mpaka ofisini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama kizingitini na mtandio wake umefungwa vizuri kama anayekwenda safari.

"Mkwe wangu," alisema taratibu, "mimi nimekaa kwako kwa heshima, na wewe umenipokea kwa heshima. Kama sala yangu inakuchosha, niambie niende kwa mwanangu mwingine. Usije ukanivizia mlangoni ukaniambia sala yangu ni feki. Mimi mtu mzima, baba. Hilo neno sitalizoea."

Jicho alitaka kusema si mimi. Lakini angesema ni nani? Mkwe haangaliwi usoni hata siku ya furaha, sembuse siku hiyo. Aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. "Nisamehe, mama," alisema, akiomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya, na palepale akajua kwa nini linamkaba: kwa sababu lile alilolifanya hajaliombea radhi.

Ndipo harufu ikaanza. Mwanzoni ilikuwa ya plastiki mpya, ile inayotoka kasha likifunguliwa, harufu ambayo Jicho aliipenda toka utotoni. Siku zilivyokwenda ikawa kama plastiki iliyosogezwa karibu na moto, na chini yake, ukivuta pumzi vizuri, palikuwa na harufu nyingine ya shuka za mgonjwa na dawa ya kusafishia vidonda. Mkewe alifungua madirisha yote. Harufu ilibaki. Halafu zikaja sauti: kwa, kwa, kwa, kama viungo vidogo vinavyokunjwa na kukunjuliwa, polepole, na mtu anayejaribu mkono wake baada ya kulala kitandani muda mrefu. Jicho akiingia chumba cha mbele, kimya. Sanamu imesimama pale pale, upanga mgongoni, joho limepepea. Lakini kioo cha rafu kilikuwa kimepata ukungu kwa ndani, kama dirisha ambalo mtu amelipumulia, na katikati ya ukungu palikuwa na alama ya kiganja kilichokuwa kidogo kuliko ukucha wa Chiriku.

"Itoe nyumbani," mkewe alimnong'oneza. "Nimezalisha miaka yote hii, nimeona damu na nimeona maiti, siogopi. Ile naiogopa. Ni ya nani?"

"Ya mteja. Kulikuwa na makosa kidogo katika tathmini."

"Makosa gani?"

"Ya kazi tu, Mama Chiriku."

Jioni moja Chiriku akashikwa na homa. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, mvua inaanguka, na mwanga uliobaki dirishani ulikuwa wa kijivu kama maji yaliyofuliwia nguo. Mkewe alikwenda jikoni kutafuta mshumaa. Jicho alikaa kitandani kwa mtoto, akaweka mkono juu ya paji lake lililokuwa likiwaka, akaushusha shavuni, kisha nyuma ya sikio, na hapo kidole chake, kidole kile kile kilichozoea kufuata njia hiyo kwenye shingo za plastiki, kikakuta ukingo mwembamba, ulionyooka, mgumu, unaoanzia chini ya ndewe ya sikio na kushuka shingoni mpaka begani, na akauacha, akaurudia, akajiambia ni mkunjo wa shuka, akasugua kwa kucha kama afanyavyo mezani akitaka hakika, na hakika ikaja: ulikuwa mshono wa kalibu, na mwanawe alikuwa ameungwa kwa vipande viwili kama kasha. Akamgeuza kwenye ule mwanga hafifu, akamwona amefungua macho, na mboni za mtoto zilikuwa zimepakwa rangi, moja imekaa juu kidogo kuliko nyingine kama kazi ya mtu mwenye haraka, nayo harufu ya plastiki inayoungua imejaa chumba na sauti ya viungo inakuja kutoka ukumbini, kwa, kwa, kwa, inakaribia, imefika mlangoni, imefika mguu wa kitanda, imefika kwenye koo lake mwenyewe, na akahisi ulimi wake unainuka bila yeye kuuinua.

"Feki," alisema Jicho.

Safari hii midomo yake ndiyo iliyosema. Na mkewe alikuwa amesimama mlangoni na mshumaa mkononi, amemwona ameinama juu ya mtoto mgonjwa, ukucha wake shingoni mwa mtoto, akimwambia neno lile.

Alikuja, akamnyanyua Chiriku, na mwanga wa mshumaa ulionyesha mtoto wa kawaida, shingo laini, macho ya homa yamejaa machozi. Mkewe alimpeleka chumbani kwa bibi yake akafunga mlango kwa komeo.

Kesho yake, jua likiwa kali, mkewe alimleta mtoa majini. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye kikohozi, aliyevua viatu mlangoni akavipanga kwa unadhifu kama mgeni wa kawaida. Aliomba makaa, akanyunyizia vitu vyake, akakaa chini mbele ya rafu akazungumza na ile sanamu kwa sauti ya chini, kama wanawake wawili wanaopeana habari. Mara alicheka. Mara alitikisa kichwa. Mwishoni akamimina maji kwenye makaa.

"Hili silitoi mimi," alisema.

"Kwa nini?" aliuliza mkewe Jicho.

"Halikutumwa na mtu. Lilikuwa linakaa kwa mgonjwa, msichana. Mgonjwa akikosa wa kuongea naye huongea na vitu, na vitu navyo husikiliza. Lilimsikiliza, likampenda. Maneno yote liliyokuwa nayo yalikuwa ya yule msichana, akafa nayo. Sasa lina neno moja tu, na neno hilo halikulibuni." Alimgeukia Jicho, akamtazama bila ukali, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Wewe ndiye uliyelifundisha neno hilo. Nenda kalichukue pale ulipoliacha. Ulichukue lote; likibaki hata kidogo, jini litatafuta maneno mengine."

"Lote kivipi?"

"Wewe ndiye unayejua lina ukubwa gani." Akavaa viatu vyake, akakohoa, akaondoka.

Njia nzima kwenda kwa Mwalimu, Jicho alikuwa anarudia sentensi moja mdomoni. Nilikudanganya. Ni neno jepesi. Mtoto wa chekechea analisema. Sanamu ilikuwa mfukoni mwa koti lake, inampasha joto ubavuni kama yai lililoatamiwa.

Alimkuta Mwalimu uani, anafagia majivu. Mlango wa chumba cha binti yake ulikuwa wazi: kitanda kitupu, kuta tupu, misumari imebaki bila picha.

"Alikuwa anachora," Mwalimu alisema, akifuata macho ya mgeni wake. "Masanamu kama hayo hayo. Kuta zote zilijaa. Uliponiambia vile, nilikuja nikakaa humu nikayatazama, nikaona haya. Nikasema, mtoto hakuwa na akili, naweka ya nini? Nimechoma yote. Karibu, mwanangu. Umekuja na habari gani?"

Jicho alilitazama lile fagio. Aliyatazama majivu. Alifungua mdomo, na sentensi aliyoibeba njia nzima ikawa kubwa kuliko mlango wa kutokea.

"Mwalimu, nilikosea," alisema. "Niliirudia kuikagua. Ni halisi."

Fagio lilianguka. Mzee aliipokea sanamu kwa mikono miwili, akakaa pale pale kwenye majivu. "Aliikagua mwenyewe," alisema. "Mwanangu, uliikagua mwenyewe. Nisamehe, mama. Nisamehe." Aliiweka shavuni. Jicho alisikia kitu kama pumzi ndefu ikitoka, na jani moja uani likatikisika wakati hapakuwa na upepo. Alipomsaidia mzee kuinuka aliigusa sanamu. Ilikuwa baridi kama kijiko.

Mwalimu alimshika mikono yote miwili. "Wangapi wangerudi? Niambie. Mtu mwenye jina kama lako, kuja mpaka kwangu kusema nilikosea? Mungu akuzidishie." Akataka kumbusu mikono. Jicho angeweza kusema ukweli wakati ule. Aliiacha mikono yake ibusiwe.

Nyumba ilitulia. Harufu iliondoka, homa ya Chiriku ilishuka, na baada ya muda mtoto akaanza tena kuongea mpaka bibi yake akamwomba ampumzishe masikio. Mkewe aliuliza mara moja tu, "Ulimwambia?" Naye akajibu, "Nilimwambia." Wateja waliongezeka. Mtu anakuja kutoka mitaa ya mbali, anaweka kasha mezani, anasema, "Nimeelekezwa na Mwalimu. Amesema hapa kuna mtu ambaye akikosea, anasema." Jicho alikuwa akizimeza sifa hizo kama mchanga. Kila akisema "halisi", hata pale ambapo ilikuwa halisi kweli, alijisikia anasema uongo.

Basi siku moja ya mapumziko, saa za mchana, wote wanne wakiwa mezani wanakula, Mwalimu akabisha hodi. Mama mkwe alimkaribisha, mke akamvutia kiti na kumwekea chai. Mzee alikuwa na uso mchangamfu ila una kitu kidogo cha kutatizika, kama mtu aliyesahau kilichomleta dukani.

"Sitakaa sana," alisema. "Nimekuja kwa jambo la kipuuzi, mtanicheka. Ile sanamu nimeiweka kwenye kabati kando ya picha ya marehemu. Leo asubuhi nafuta vumbi, nikasikia sauti. Na sauti yenyewe," akamnyooshea Jicho kidole kwa upendo, "ilikuwa yako, mwanangu. Kabisa. Nikageuka nikidhani umekuja kunisalimu."

Mkewe Jicho aliweka kijiko chini.

"Ilisema nini, Mwalimu?" aliuliza.

"Ilisema, 'Muulize vizuri.' Basi. Halafu tena, 'Muulize vizuri.' Mimi nilizoea kuwauliza watoto, siyo kuulizwa." Alicheka kidogo. "Nimekuja. Lakini ndiyo hivyo, sijui nikuulize nini."

Hakuna aliyegusa chakula. Chiriku alimtazama baba yake, na mama mkwe, ambaye hakuwahi kumtazama usoni, naye alimtazama. Jicho alijua kwamba kuna majibu mengi ambayo yangeupitisha mchana ule. Alitafuta moja, akalipata, akalisikia lilivyo tayari, laini, kwa ile sauti yake ya kazini. Na kwa kuisikia hivyo, akaiogopa kuliko alivyowahi kuliogopa jini.

"Nilijua," alisema. "Tangu siku ile ya kwanza. Nilipoigeuza tu, nilijua ni halisi. Niliitaka, Mwalimu. Nikakudanganya."

Tabasamu la Mwalimu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale usoni kitambo, halina mwenyewe. Kisha likaenda. Hakutukana. Aliitazama mikono yake, ile iliyoishika ya Jicho siku aliyoibusu, akaipangusa taratibu juu ya suruali, mara mbili tatu, kana kwamba imebaki na majivu.

"Michoro yake ilikuwa mizuri," alisema. "Sasa ndiyo naikumbuka." Akainuka, chai haikuguswa.

Sauti ile haikusikika tena, wala kwa Mwalimu wala kwa Jicho. Lakini wakati huo hakuna aliyekuwa akiisikiliza. Mama mkwe alimshika Chiriku mkono akampeleka chumbani. Mkewe Jicho alikwenda kuchukua mtandio wake, akavaa viatu, akamwahi mzee kizingitini.

"Nitakusindikiza, Mwalimu," alisema.

Jicho alisubiri amgeukie, amwambie atarudi saa ngapi, kama alivyozoea kila akitoka. Bila kugeuka, mkewe alimshika mzee kiwiko, akamshusha ngazi, wakaondoka wakitembea polepole juani.